Muziki unakatakata kwenye spika ya Bluetooth? Anza kwa kuzima data

Jioni umekaa barazani Mtawanya, simu mkononi, spika ndogo ya Bluetooth iko dirishani. Wimbo unaanza vizuri, dakika mbili tu, kimya. Unarudi, halafu kimya tena. Unaigonga spika, unaizima, unaiwasha, mwishowe unaongeza bando ukidhani data imeisha. Bado inakata.

Hapo ndipo hela za wengi zinapopotelea. Mtu ananunua bando wakati shida ni betri ya spika, mwingine anapeleka spika kwa fundi wakati shida ni mtandao. Mimi mwenyewe niliwahi kununua spika mpya, nikafika nayo nyumbani, ikakata vilevile kama ile ya zamani.

Ni hivi: sauti hiyo inapita njia mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inatoka kwenye mnara hadi kwenye simu yako, na hiyo ndiyo inayokula bando. Ya pili inatoka kwenye simu hadi kwenye spika kwa Bluetooth, na hiyo haili bando hata kidogo (kuna watu bado wanabisha, lakini ndivyo ilivyo). Ikikatika njia yoyote kati ya hizo, sikio linapata kitu kilekile. Kimya.

Jaribio la dakika tano

Tafuta wimbo uliohifadhiwa ndani ya simu, ule unaocheza hata ukiwa huna bando. Zima data. Weka simu kama mita moja kutoka kwenye spika, ucheze wimbo mpaka mwisho.

Ukicheza bila kukata, spika yako ni nzima. Shida iko kwenye mtandao au kwenye programu unayosikilizia. Ukikata, basi bando halihusiki kabisa, acha kulinunua.

Ikikata hata bila data

Bluetooth inatumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, na spika nyingi ndogo zinashika ndani ya mita 10 hivi, tena pakiwa wazi. Ukuta wa tofali unapunguza. Ukuta wa udongo uliolowa masika unapunguza zaidi, na bati ndiyo kabisa. Hata mwili wako ni kizuizi, kwa sababu una maji mengi na maji yanameza mawimbi hayo. Simu ikiwa mfuko wa nyuma na spika iko mbele yako, ukuta ni wewe.

Makala nyingi za mtandaoni zitakwambia uiweke spika mbali na maikrowevu. Si uongo, maana nayo inatumia mawimbi ya eneo hilohilo. Lakini jikoni kwa wengi wetu kuna mkaa na kuni, kwa hiyo tuachane nayo. Kwetu mkosaji mkubwa ni hotspoti.

Nyumba moja, simu moja ina bando, wadogo zako watatu wamejiunga hapo. Simu hiyohiyo ndiyo inapiga muziki kwenye spika. Sasa hotspoti ya simu nyingi inarusha Wi-Fi kwa gigahezi 2.4, eneo lilelile la Bluetooth, na kwenye simu nyingi za bei nafuu vyote viwili vinatumia antena moja. Bluetooth inajitahidi kukwepa msongamano: inaruka kati ya mikondo 79, mara 1,600 kwa sekunde. Lakini antena ikiwa moja, lazima mmoja amsubiri mwenzake, na kusubiri huko ndiko unakokusikia kama kukatakata. Zima hotspoti kwa wimbo mmoja uone. Kama ndiyo chanzo, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti uangalie kama simu yako ina chaguo la gigahezi 5, ulichague. Kama haina, basi mnapeana zamu.

Halafu kuna umeme. Besi nzito inavuta nguvu nyingi kwa mkupuo, na betri ya spika ikiwa imechoka, spika inajizima sekunde chache kisha inarudi na ule mlio wake wa kuwaka. Kuijua ni rahisi: punguza sauti hadi nusu. Ikiacha kukata, betri ndiyo inaomba msamaha. Ukiwa unaichaji kwa sola ndogo huku inapiga, wingu likipita tu mambo yanabadilika.

Usisahau pia kwamba spika inakumbuka simu zilizowahi kuungana nayo. Ya mdogo wako ikipita na Bluetooth imewashwa, inaweza kuidaka. Ifute spika kwenye orodha ya Bluetooth ya simu hizo nyingine, kisha iunganishe upya na yako.

Ikikata ukiwa na data tu

Anza na paa. Bati linazuia mawimbi ya simu, ndiyo maana ndani unaona kijiti kimoja cha mtandao na ukitoka barazani vinakuwa vitatu. Watu wengi wanakaa na simu ndani, karibu na spika, wakidhani ukaribu ndio dawa. Kwa Bluetooth, sawa. Kwa mtandao unaiweka simu mahali pabaya kuliko pote.

Kwa hiyo simu inabidi ikae katikati ya mahitaji mawili. Iweke dirishani au mlangoni, inapouona mnara vizuri, na spika ndani mita tatu au nne kutoka hapo, bila ukuta katikati. Mimi naona hili linatibu kesi nyingi kuliko mipangilio yote ya kwenye simu, na ni bure.

Angalia na saa. Kama inakata kuanzia saa 2 usiku na alfajiri iko poa, mnara umezidiwa na watu. Hapo hakuna cha kurekebisha nyumbani, ila unaweza kupunguza mzigo. Sauti ya ubora wa juu, kilobiti 320 kwa sekunde, inakula takriban MB 144 kwa saa. Ya kilobiti 96 inakula kama MB 43. Kwenye spika ndogo ya barazani, sidhani kama utasikia tofauti inayofaa hizo MB 100. Kwenye programu nyingi za muziki utakuta sehemu ya ubora wa sauti ndani ya mipangilio.

Wanaosikiliza muziki kupitia YouTube wana kesi yao. Simu inavuta picha na sauti pamoja, hata kama hutazami. Shusha picha hadi 144p. Na ile ya muziki kuzima ukifunga kioo si ubovu wala mtandao: YouTube ya bure kwa kawaida haikuruhusu kusikiliza nyimbo huku kioo kimezimwa.

Lakini programu nyingine, kama ya redio ya mtandaoni, ikizima yenyewe dakika chache baada ya kioo kufungwa, mtuhumiwa ni kiokoa betri cha simu. Kazi yake ni kuua programu anazoona hazitumiki, na wewe kwake unaonekana hutumii. Nenda Mipangilio, kisha Programu, chagua hiyo unayosikilizia, fungua sehemu ya betri na uiruhusu ifanye kazi bila kuzuiwa.

Kuna siku pia kosa liko mbali na wewe na mnara wako. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoathirika. Siku kama hiyo hata ubadilishe laini mara tano ni bure. Waliokuwa na nyimbo zimehifadhiwa kwenye simu waliendelea kusikiliza. Anayepanda boti Nyamisati kwenda Mafia naye apakue kabla ya kuondoka.

Kwa sisi wa Kibiti na Rufiji hili si la muziki peke yake. Aprili 2024 mafuriko yalipozikumba wilaya hizi mbili, kupata taarifa kwa wakati lilikuwa jambo la maana kuliko wimbo wowote. Kama nyumbani mnategemea redio ya mtandaoni, jueni kwamba spika nyingi hizi ndogo zina FM ndani, na FM haihitaji bando. Simu zenye FM nazo zipo, ila nyingi zinataka uchomeke hedifoni za waya kwanza, maana waya huo ndio antena.

Na fundi je? Nenda kwake spika ikiwa imejaa chaji, iko karibu na simu, inacheza wimbo uliohifadhiwa, umejaribu na simu mbili tofauti, na bado inakata. Mwambie umeshafanya hayo yote, na mwombe aanze kwa kupima betri kabla hajafungua kingine.