STESHENI YA WOKING: NJIA YA MSIKITI NA YA MAKABURI

Sisi tuishio London tumezoea kuiona stesheni kuwa ni mahali pa kupita mbio. Lakini iko stesheni moja katika jimbo la Surrey ambayo Muislamu akishuka hapo hukutana na historia inayomhusu. Nayo ni Woking, mwendo wa kiasi cha nusu saa kutoka Waterloo kwa treni ya haraka.

Ilifunguliwa tarehe 21 Mei 1838, wakati huo ikiitwa Woking Common. Hapo ndipo ilipokomea kwanza reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Nine Elms, London, kwenda Southampton, nayo ikafika bandarini mwaka 1840. Palikuwa nyika tupu. Mji tuuonao leo umezaliwa na reli.

London ya zama hizo ilikuwa imejaa makaburi, hata ardhi haitoshi. Ndipo yakafunguliwa makaburi makubwa ya Brookwood, mbele kidogo ya Woking, na mwezi wa Novemba 1854 ikaanza treni maalumu ya mazishi kutoka stesheni yake ya pekee karibu na Waterloo. Hata maiti walikatiwa tikiti za daraja ya kwanza, ya pili na ya tatu! Sisi ambao tajiri na maskini wetu huvikwa sanda moja, hatuna budi kustaajabu. Safari hizo zilikoma Aprili 1941, stesheni ile ilipobomolewa kwa mabomu ya vita. Stesheni ya kawaida ya Brookwood, iliyofunguliwa mwaka 1864, ingali ikitumika.

Kando ya reli hiyo hiyo, bingwa wa lugha Dkt. Gottlieb Leitner alianzisha chuo cha elimu za Mashariki, na mwaka 1889 ukajengwa hapo Msikiti wa Shah Jahan, uliopewa jina la Begum wa Bhopal aliyeugharimia. Ni msikiti wa kwanza kujengwa Uingereza kwa kusudi hilo. Ukitoka London, tazama upande wa kushoto kabla ya kufika Woking: kuba lake huchungulia baina ya miti. Na huko Brookwood wamelala Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, ambao tafsiri zao za Qur'ani kwa Kiingereza zimo katika nyumba zetu nyingi.

Mama mmoja miongoni mwetu alikuwa hajalizuru kaburi la mumewe huko Brookwood kwa miaka mitatu. Kila wiki akingojea vijana wenye magari, na kila wiki vijana wana kazi. Jumamosi moja tukafuatana naye kwa treni. Tuliposhuka, mlango wa makaburi ukawa pale pale kando ya stesheni. Alisoma Yasini, akafuta majani juu ya kaburi kwa mkono wake, kisha akatuuliza kwa sauti ndogo: "Kumbe ni karibu hivi?" Hatukuwa na la kumjibu.

Basi tusingoje magari. Treni zinazosimama Brookwood si zote, kwa hiyo ulizeni Waterloo kabla ya kupanda, au badilisheni Woking. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu. Watu wazima watatu hadi tisa wakisafiri pamoja nje ya saa za msongamano hupunguziwa thuluthi ya nauli, wakiomba tikiti ya kikundi. Makaburi ni mapana mno. Chukueni namba ya kaburi kabla ya kuondoka nyumbani.

Reli hiyo huendelea hadi Portsmouth, mji alioishi Sayyid Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Unguja, hadi alipohamia Oman mwaka 2020. Wazee waliosafiri njia hii kwenda kuamkiana na jamaa zao wanapungua kila mwaka, na wengine wamekwisha zikwa katika nchi hii. Wasipopelekwa watoto wetu wakaonyeshwa makaburi hayo, kesho nani atayajua? Nauli ya treni ni ndogo kuliko majuto.