Kutia na Kutoa Moduli Ndogo za Mitambo ya Redio

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jambo ambalo fundi kijana aweza kulidharau kwa kuwa ni dogo kwa umbo, nalo ni jinsi ya kutia na kutoa moduli zinazochomekwa katika mitambo ya redio ya minara ya simu.

Atazamaye mnara huona juu yake antena na masanduku ya redio. Chini, katika kibanda au kabati, umo mtambo unaoyapanga mazungumzo ya watu. Kati ya mtambo huo na masanduku ya juu, katika minara mingi ya siku hizi, maneno hayachukuliwi na waya wa shaba, bali hupita kama mwanga ndani ya uzi mwembamba wa kioo. Penye kila ncha ya uzi huo pana moduli, urefu wake sentimita 5 na nusu hivi, na upana wake wapata sentimita 1 na kidogo. Kazi yake ni kugeuza umeme kuwa mwanga, na mwanga kuwa umeme. Umbo lililoenea sana huitwa SFP, nalo lilitokana na mapatano ya makampuni kadhaa katika mwaka 2000. Moduli moja ikifa, upande mzima wa mnara waweza kunyamaza, na mwenye mgonjwa usiku asiwe na njia ya kumwita daktari. Basi kazi hii si mchezo.

Hatari zake ni tatu. Ya kwanza ni ya macho. Mwanga utokao katika moduli hizi kwa kawaida hauonekani, na kwa hiyo jicho halijui kujikinga. Zilizo nyingi nguvu yake ni ndogo, lakini zimo pia zenye nguvu zaidi, wala fundi hawezi kuzitambua kwa kutazama. Yapasa, basi, mtu asichungulie kamwe tundu la moduli wala ncha ya uzi ili kuona kama mna mwanga. Kipo chombo cha kupimia, nacho ndicho kitumiwe.

Ya pili ni umeme unaokaa mwilini mwa mtu. Huzaliwa kwa kutembea na kwa nguo kusuguana, hasa hewa ikiwa kavu. Mtu hausikii mshtuko wake mpaka ufikie volti 3,000 hivi, na vifaa vya ndani ya moduli vyaweza kuumia kwa volti mia chache tu. Na uovu wake ni kwamba chombo kilichojeruhiwa chaweza kufanya kazi leo, kikafa baada ya miezi. Dawa yake ni mkanda wa mkononi uliounganishwa na waya wa ardhi, na moduli kukaa katika mfuko wake maalum mpaka saa ya kutiwa.

Ya tatu ni vumbi. Njia ya mwanga katika uzi wa safari ndefu ni kama milimita 0.009 tu, nyembamba kuliko unywele. Chembe moja yatosha kuiziba.

Kabla ya kugusa kitu, fundi na asome maandishi ya moduli ya zamani na ya mpya, ayalinganishe: mwendo, urefu wa wimbi, na aina ya uzi. Ziko moduli za uzi mmoja ambazo huenda kwa jozi: ya upande huu hutuma kwa nanomita 1310 na kupokea kwa 1490, na mwenzake hufanya kinyume. Mtu akitia mbili zilizo sawa, hazitasikilizana hata kidogo. Kisha na awaarifu wasimamizi wa mtambo, azitie alama nyuzi, na asome kitabu cha mtambo wenyewe. SFP zimeundwa zipate kubadilishwa pasipo kuzima umeme, maana vidole vya ardhi ni virefu na hugusa kwanza. Illa si kila kadi iliyo jirani nazo ina ruhusa hiyo.

Katika kutoa, uzi hutangulia. Ushike kichwa chake, wala usivute uzi wenyewe. Kisha funika ncha zake na matundu ya moduli papo hapo. Fungua kishikio cha moduli, uivute kwa unyofu. Mafundi waliozoea taa za redio za zamani walizing'oa kwa kuzitikisa huku na huku. Desturi hiyo hapa ni haramu. Jihadhari pia na joto, kwa kuwa moduli iliyokuwa kazini yaweza kuunguza vidole.

Katika kutia, angalia upande wa juu, uisukume polepole mpaka usikie mlio wa kushika. Ikikataa, usitie nguvu: itoe, uigeuze, utazame tena. Safisha ncha ya uzi kwa kisafishio chake, si kwa shati wala kwa pumzi ya kinywa, ndipo uichomeke. Taa ya mtambo isipowaka, na nyuzi ni mbili, huenda ya kutuma imewekwa mahali pa ya kupokea, zibadilishe.

Mwisho, wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Usiitupe moduli ya zamani mpaka umehakikisha kwamba mpya yafanya kazi na simu zapita. Fundi aondoke pale mnara unaposema, si pale alipochoka.