Kiongozi wa Nchi Ndogo na Nafasi Yake Katika Kamusi Elezo

Mwalimu wa madarasa ya juu ya shule ya msingi akifundisha habari za viongozi, hana budi kujiandaa kwa swali hili: Je, kiongozi wa nchi ndogo anastahili kuandikiwa makala katika kamusi elezo ya mtandaoni, au nafasi hiyo ni ya wakuu wa mataifa makubwa tu? Katika makala hii tunakusudia kulichambua swali hilo, na kuonyesha jinsi linavyoweza kufundishwa hata katika shule isiyo na kompyuta.

Kwanza tufahamu chombo chenyewe. Kamusi elezo ni hazina ya maarifa yaliyofupishwa. Iliyo mashuhuri zaidi mtandaoni ni Wikipedia, iliyoanzishwa mwaka 2001, na toleo lake la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Kwa kuwa mtu yeyote aweza kuiandikia, waandishi wake wamejiwekea masharti. Mhusika awe amekwisha kuandikwa kwa kiasi cha kutosha na watu wengine wasio na maslahi naye. Kila habari iweze kuhakikiwa. Na mwandishi asipendelee upande wowote. Hivyo neno "kustahili" lisitupotoshe. Kuandikwa katika kamusi elezo si nishani wala sanamu ya heshima. Mwema huandikwa, na dhalimu huandikwa pia. Linaloulizwa ni kama habari zake zinaweza kuelezwa kwa ukweli uliothibitishwa.

Tukishika kanuni hiyo, twaona mara moja kwamba ukubwa wa nchi si kipimo. Nauru, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, ina eneo la kilomita za mraba 21 tu na wakazi wapatao 12,000. Mkoa wa Dodoma, kwa sensa ya mwaka 2022, ulikuwa na watu zaidi ya milioni 3. Hata hivyo Rais wa Nauru husaini mikataba na kura ya nchi yake katika Umoja wa Mataifa ni moja, sawa na ya nchi kubwa. Huko San Marino, nchi ndogo iliyozungukwa na Italia, wakuu wa nchi huwa wawili kwa pamoja, nao hutawala miezi sita tu. Muda ni mfupi, lakini kazi yao huacha kumbukumbu ambazo msomaji aweza kuzihakiki.

Mfano wa karibu zaidi ni Zanzibar. Muhammad Shamte Hamadi alikuwa Waziri Mkuu wakati Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Serikali yake ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964, yaani baada ya siku 33. Je, siku 33 zinatosha? Zinatosha, kwa maana huwezi kueleza Mapinduzi bila kueleza kilichopinduliwa. Lakini hapa ndipo sharti la kutopendelea linapopimwa. Mwandishi hana budi kutaja kwamba katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura, huku vyama viwili vilivyoungana na kuunda serikali vikipata viti 18 kati ya 31. Anayeacha mojawapo ya mambo hayo mawili anamnyima msomaji nafasi ya kuamua mwenyewe.

Sasa tuje nyumbani, kwenye uwanda wa kati. Kabla ya ukoloni Ugogo haukuwa na mfalme mmoja. Uligawanyika katika nchi nyingi ndogo, kila moja ikiwa na mtemi wake. Mtemi ndiye aliyetunza mawe ya mvua, na kwa idhini yake watu walianza kupanda na vijana wakaingia jandoni. Katika ardhi yenye mvua chache namna hii, madaraka hayo hayakuwa madogo. Huyu naye ni kiongozi wa nchi ndogo. Je, naye aandikwe?

Jibu linategemea mtemi yupi. Mazengo wa Mvumi anajulikana mbali, kwa sababu Waingereza walipotawala kwa kuwatumia wakuu wa wenyeji, hasa baada ya sheria ya mwaka 1926, jina lake liliingia katika maandishi ya serikali na baadaye ya wataalamu. Shule ya sekondari mjini Dodoma ilipewa jina lake, na kwenye majengo ya shule hiyo kilianza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mwaka 2007. Lakini watemi ambao watawala wa kigeni hawakuwatambua walibaki nje ya majalada, ijapokuwa watu wao waliwaendea kuomba mvua. Na mamlaka ya machifu yalipofutwa kisheria mwaka 1963, wengi wao walibaki katika kumbukumbu za wazee peke yake.

Hapa mwalimu awe mwangalifu, kwani makosa mawili yanamvizia. La kwanza ni kudhani kwamba asiyeandikwa hakuwa na maana. La pili ni kudhani kwamba kila linalosimuliwa laweza kuingizwa moja kwa moja katika kamusi elezo. Kamusi elezo hufupisha yaliyokwisha kuchapishwa. Haipokei utafiti mpya. Dawa ya upungufu huu si kuvunja kanuni, bali ni kuandika vitabu. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Dodoma, alituonyesha njia. Mwaka 1954 kilichapishwa kwa Kiswahili kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1995 kikatolewa kwa Kiingereza. Kwa kazi yake, yaliyokuwa midomoni mwa wazee yakawa ushahidi ambao msomaji wa popote aweza kuurejea.

Somo hili laweza kufundishwa kwa vipindi vitatu. Katika kipindi cha kwanza, mwalimu aandike ubaoni majina manne au matano: rais wa nchi ndogo, mtemi, mwenyekiti wa kijiji, na wengineo. Wanafunzi wajadiliane kwa makundi nani aandikwe, na kila kundi lijibu swali moja: "Tumejuaje?" Katika kipindi cha pili, baada ya kuwahoji wazee wa kijiji, wanafunzi walete habari wakionyesha nani alisema, lini, na kama aliona mwenyewe au alisimuliwa. Wazee wawili wakihitilafiana, yaandikwe maneno ya wote wawili. Katika kipindi cha tatu, kila kundi liandike makala fupi ya sentensi kumi kwenye karatasi, bila sifa wala matusi, na kundi jingine liikague: sentensi ipi ina ushahidi, na ipi haina?

Karatasi hizo zihifadhiwe shuleni kwa utaratibu, zikiwa na tarehe. Si makala za kamusi elezo bado, lakini mtafiti wa kesho atakayekuja kuandika kitabu atakuta pa kuanzia.

Mtoto wa Mvumi, Bahi au Kongwa anayesoma habari za Nauru na asikute habari za kwao aweza kuamini kwamba kwao hakukuwa na historia. Ni wajibu wetu kumwondolea imani hiyo, si kwa kumpa sifa za kubuni, bali kwa kumfundisha kuuliza, kupima na kuandika. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari; na kumbukumbu za wazee wetu ni mali.