Nani Amewahesabu?

Msomaji wangu, unaikumbuka ile takwimu ya watu 600,000 hadi 800,000 wanaosafirishwa kiharamu kuvuka mipaka ya nchi kila mwaka? Kama ulipita kwenye semina za miaka ya 2000, lazima ulikutana nayo. Ilikuwa kwenye vipeperushi, kwenye hotuba, na kwenye ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 2004 kuhusu biashara haramu ya binadamu. Mwaka 2006 ofisi inayoikagua serikali kwa niaba ya Bunge la Marekani ikauliza swali la kitoto kabisa: jamani, nani aliwahesabu?

Jibu lilikuwa la kuchekesha na kuudhi kwa pamoja. Makadirio hayo yalikuwa yameandaliwa na mtu mmoja, ambaye hata kumbukumbu za kazi yake zote hakuziweka. Mtu mmoja! Mwaka 2007 wakaguzi hao hao wakaigeukia miradi yenyewe, ile ya mabango na warsha iliyokuwa ikilipiwa na serikali, wakakuta ushahidi kwamba imepunguza tatizo ni haba mno. Ni kama kumwachia mwenzio hela ya matumizi ya mwezi mzima, halafu ukiuliza imekwenda wapi anakujibu, “Mambo yalikuwa mengi.”

Nimeanza na hadithi hiyo kwa sababu watu wengi wakisikia serikali imetoa ruzuku kwa ajili ya “utafiti” wa usafirishaji haramu wa binadamu wanakunja sura. Utafiti wa nini wakati kuna msichana amefungiwa ndani huko? Mkomboeni kwanza! Na mimi nilikuwa upande huo, mpaka nilipokaa kusoma watafiti wanafanya nini hasa na fedha hizo.

Unamhesabuje aliyefichwa?

Karani wa sensa hawezi. Akigonga mlango, bosi ndiye anayefungua, na bosi ndiye anayejibu. Orodha hakuna, na polisi wanamjua yule mmoja tu aliyefanikiwa kutoroka.

Huko San Diego, California, mtafiti Sheldon Zhang na wenzake walipewa ruzuku na Taasisi ya Taifa ya Sheria ya Marekani, ambayo iko chini ya Wizara ya Sheria, wakajaribu njia nyingine. Walitaka kujua hali ya vibarua wasio na vibali wanaozungumza Kihispania, watu ambao wakiona tu mgeni ameshika karatasi wanapotea. Wakaanza na wachache waliokubali kuzungumza. Kila mmoja akapewa kuponi awapelekee wenzake anaowaamini, na hao wakapewa kuponi nao, ikaenda hivyo hivyo kama mchezo wa upatu unavyopita kutoka kwa shoga hadi shoga. Mwisho wakahoji watu 826. Kwa kuwa walijua nani kamleta nani, waliweza kukokotoa kimahesabu hali ya kundi zima.

Matokeo yalitoka mwaka 2012. Takribani 30 kati ya kila 100 walikuwa wamefanyiwa mambo ambayo kisheria ni usafirishaji haramu wa binadamu. Na hapa ndipo niliposhtuka: wengi wao waliumizwa na mwajiri, wala si yule aliyewavusha mpaka. Sisi tumezoea kumtafuta mhalifu kwenye lori la usiku, kumbe yupo ofisini, kwenye kampuni ya usafi na kwenye eneo la ujenzi. Sasa niambie, bango la “jihadhari na wasafirishaji” lingemsaidia nini kibarua huyo?

Mwaka 2017 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikaanza kutoa fedha kubwa zaidi chini ya mpango wa kukomesha utumwa mamboleo uliopiganiwa bungeni na Seneta Bob Corker wa Tennessee. Ruzuku ya kwanza ilikuwa dola milioni 25. Sharti lake lilikuwa la aina yake: lengo ni kupunguza tatizo kwa nusu katika kundi mlilolichagua, na ionekane kwa kipimo. Maana yake mhesabu kabla, mfanye kazi, halafu mhesabu tena. Hapo hakuna pa kujificha. Ukisema umefundisha watu elfu kumi, utaulizwa: sawa, sasa waliobaki kifungoni ni wangapi?

Sehemu ya fedha za mpango huo ilikwenda Chuo Kikuu cha Georgia, ambacho kilipeleka watafiti Sierra Leone na Guinea. Katika wilaya tatu za mashariki ya Sierra Leone, yaani Kailahun, Kenema na Kono, walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya watoto wa miaka 5 hadi 17 wameonja aina fulani ya usafirishaji haramu. Theluthi! Wengi wetu tungedhani ni watoto waliotekwa. Lakini kule kuna mila wanayoiita menpikin: mtoto anapelekwa kuishi kwa ndugu au kwa mtu mwenye uwezo ili asomeshwe. Kuna wanaosomeshwa kweli. Kuna wanaoishia kuuza barabarani kutwa nzima na kulala wa mwisho.

Hebu niambie kama mila hiyo ni ngeni kwako.

Maswali yaliyozima soga

Watafiti hawamwulizi mtu, “Je, umeuzwa?” Hakuna anayejibu ndiyo. Wanauliza vitu vidogo vidogo, vinavyofanana na viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa vya Shirika la Kazi Duniani. Kitambulisho chako anakaa nacho nani? Mshahara unaupokea mkononi mwako? Kuna deni unalokatwa? Ukitaka kuacha kazi leo, nini kitakupata?

Majuzi niliyapeleka maswali hayo kwenye chakula cha mchana kazini, tukiwa wanne, wote tuna dada wa kazi nyumbani, wale mnaowaita beki tatu. Tulianza kwa utani. Tulipofika kwenye mshahara, mwenzetu mmoja akasema wa kwake hulipwa kupitia kwa shangazi aliyemleta kutoka kijijini. Nikamwuliza, shangazi anabaki na kiasi gani? Hajui. Msichana ana miaka mingapi? “Si kama kumi na saba hivi…” Akaweka kijiko chini, na kwa muda hakuna aliyesema kitu.

Simaanishi kila nyumba yenye dada wa kazi ni gereza. Tunaoishi nao vizuri tupo wengi tu. Lakini sheria yetu ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu haisubiri uvuke mpaka ndipo iwe kosa. Singida hadi Sinza inatosha.

Upande wa Ghuba nako, ambako dada zetu wengi wanafuata kazi za ndani, tunazo simulizi zinazotosha. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Pasipoti zilizoshikwa, mishahara iliyoliwa, siku za kazi zilizofika saa 21. Ukisoma hulali. Ila simulizi 50 zinakuonyesha jinsi mambo yanavyofanyika. Haziwezi kukwambia ni wangapi, wala kama mwaka huu ni afadhali kuliko jana. Kwa hilo inahitajika hesabu, na hesabu ina gharama ambayo asasi ya vyumba viwili pale Magomeni haiwezi kuimudu bila mkono wa serikali.

Tatizo ni kwamba mkono huo unaweza kurudishwa mfukoni wakati wowote. Machi 2025 Wizara ya Kazi ya Marekani ilikatisha kwa mpigo ruzuku zake zote za nje za kupambana na utumikishwaji wa watoto na kazi za kulazimishwa. Mradi ukikatika katikati, unabaki na hesabu ya kwanza bila ya pili, sawa na mgonjwa aliyepimwa presha, akapewa dawa, na hospitali ikafungwa.

Sheria yetu hiyo ya 2008 iliunda pia mfuko maalumu wa kupambana na biashara hii. Mfuko huo una kazi nyingi, kuanzia kuwasaidia manusura, na sitaki mtu apunguziwe blanketi ili mtafiti anunuliwe kompyuta. Lakini kama ningekuwa na kura pale, ningeomba fungu dogo la kila mwaka kwa ajili ya kuponi na maswali yale manne, likianzia na wanaolala vyumba vya nyuma vya nyumba zetu hapa hapa Dar.