Msaada wa kanisa katika pwani isiyo na kanisa

Mji wa Kismayu, kusini mwa Somalia, uliwahi kuwa na kanisa. Lilijengwa enzi za Waitalia, likabaki gofu baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, na mwaka 2008 wapiganaji walioutwaa mji wakalibomoa ili mahali pake pajengwe msikiti. Waumini wa kulililia hawakuwapo. Kuanzia visiwa vya Koyama, Chovai na Chula hadi Darakasi na vijiji vya mrima wake, Wabajuni ni Waislamu tangu enzi za mababu zao, na majirani zao Wasomali kadhalika.

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja watu waliotumwa na makanisa ya Ulaya na Amerika, au waliosukumwa na imani zao wenyewe, wamefika katika pwani hii na katika bonde la Mto Juba wakiwa na dawa, vitabu na magunia ya chakula. Baadhi yao walifukuzwa, na baadhi wakauawa. Walioongoka ni wachache mno, lakini waliotibiwa na kusomeshwa ni maelfu. Makala haya yanauliza jambo moja: maskini alipata nini kutoka kwa watu hao, na alidaiwa nini?

Waswidi na watu wa Gosha

Mwanzoni mwa karne ya 20, Jubaland ikiwa bado chini ya Mwingereza, Walutheri kutoka Uswidi walikuwa wakifanya kazi Kismayu na kandokando ya Juba. Kiu yao ya miaka mingi ilikuwa kuwafikia Waoromo. Wabajuni na Wasomali walibaki na dini yao. Waliowasogelea zaidi Waswidi walikuwa watu wa Gosha, wakulima wa bonde la Juba.

Watu hao walikuwa na historia yao. Wengi walikuwa wajukuu wa Wazigua, Wayao, Wamakua na Wanyasa waliochukuliwa utumwani kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi. Walitoroka mashamba ya mabwana zao, wakajificha katika misitu ya mto, wakalima mahindi na ufuta. Chini ya kiongozi wao Nassib Bundo walifikia hata kuogopwa na majirani. Lakini katika nchi ambayo mtu hulindwa na ukoo wake, mtu wa Gosha alikuwa peke yake. Alipotokea mgeni aliyempa mwanawe kalamu, akamwita kwa jina lake badala ya kumwita mtumwa, hakuhitaji kushawishiwa sana.

Hapo ndipo ulipo ubora wa misheni hiyo, na pia shaka yake. Ilimwona mtu ambaye wengine walimpita. Wakati huohuo, mtu asiye na pa kwenda hana uhuru mkubwa wa kuchagua mlango. Nani angeweza kusema kwa hakika ni wangapi waliobatizwa kwa kuamini, na ni wangapi kwa sababu shule ilikuwa upande ule?

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia, malipo ya kuwa upande mmoja katika Vita Kuu ya Kwanza. Miaka kumi baadaye, 1935, utawala wa Mussolini uliwafukuza wamisionari Waprotestanti. Kwa hiyo aliyeifunga misheni ya Waswidi hakuwa shehe wala sultani. Ilifungwa na dola la Wakristo wenzao, ambalo lilikuwa linajiandaa kuivamia Uhabeshi na halikutaka macho ya wageni.

Shule yenye mwalimu wa Kurani

Wasomaji wa Tanzania wanawafahamu Wamennonite kwa Shirati, mkoani Mara, ambako walianza kazi mwaka 1934. Ni kanisa hilohilo, kutoka Marekani, lililotuma watu Mogadishu mwaka 1953. Walifungua shule Mahaddei na Johar. Kusini walikwenda Jamaame, mji wa mashamba ya migomba ulio kando ya Juba, si mbali na Kismayu, na huko wakawa na shule na hospitali.

Mambo hayakuwa mepesi. Julai 16, 1962, Merlin Grove, mmisionari kutoka Kanada, alichomwa kisu Mogadishu akiandikisha wanafunzi wa darasa la Kiingereza. Alikufa. Mkewe, Dorothy, alijeruhiwa vibaya akapona. Mwaka uliofuata katiba ya Somalia ilirekebishwa, ikapiga marufuku kueneza dini yoyote isipokuwa Uislamu. Baadaye, katika muongo huohuo, serikali ikaagiza shule zote za binafsi nazo zifundishe Uislamu.

Wamennonite walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kufunga shule na kurudi kwao wakiwa wamelinda msimamo wao. Ya pili ilikuwa kukubali. Walijadiliana, na wakakubali. Shule za misheni zikawa na walimu wa Kiislamu wanaofundisha Kurani, chini ya paa lililolipiwa na sadaka za wakulima Wakristo wa Pennsylvania. Mzazi aliyempeleka mtoto pale alijua atarudi na hesabu, Kiingereza na dini ya nyumbani kwao.

Wapo Wakristo walioona huo ni udhaifu. Kwangu mimi, ndio uamuzi wenye akili kuliko yote uliofanywa na misheni katika pwani ile, kwa sababu uliitenganisha huduma na mavuno ya roho. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kudai kwamba mtoto wake ananunuliwa kwa daftari. Serikali ya Siad Barre ilipotaifisha shule na hospitali hizo mwaka 1972, ilifanya hivyo kwa jina la ujamaa, na mwaka 1976 wageni wa mwisho wakaondolewa. Baadhi yao walihamishia kazi Eastleigh, Nairobi, ambako vijana wa Kisomali walipata maktaba, masomo ya Kiingereza na uwanja wa mpira wa kikapu.

Waliokufa bila kuhubiri

Vita vilipoanza mwaka 1991, misheni kwa maana ya zamani ilikuwa haipo tena. Waliobaki ni watu binafsi.

Sean Devereux alikuwa Mwingereza, Mkatoliki aliyelelewa katika shule za Wasalesiani, na aliwahi kujitolea nao kufundisha Liberia. Mwaka 1992 aliletwa Kismayu na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto, UNICEF, kusimamia chakula cha watoto waliokuwa wakifa kwa njaa. Mji ulikuwa mikononi mwa wababe wa vita. Mwezi Desemba, siku chache kabla majeshi ya kimataifa hayajaingia, watu wengi mashuhuri wa koo pinzani waliuawa Kismayu usiku, na Devereux hakunyamaza. Januari 2, 1993 alipigwa risasi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 28.

Annalena Tonelli, mwanasheria kutoka Forlì, Italia, hakuwa sista wala hakutumwa na shirika lolote. Alifika Kenya mwaka 1969, akafundisha Wajir, kisha akageukia wagonjwa wa kifua kikuu. Wafugaji walikuwa wakianza dawa, wakipata nafuu wanahama na mifugo kabla hawajamaliza, na ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi. Tonelli aliwawekea manyatta kando ya hospitali, wakajenga vibanda vyao kama walivyozoea, wakakaa na kumeza dawa mbele ya mhudumu kwa miezi sita mpaka wapone. Utaratibu huo wa kumsimamia mgonjwa ndio ambao baadaye Shirika la Afya Duniani lilikuja kuupendekeza kila mahali. Mwaka 1984, wanajeshi wa Kenya walipoua watu katika uwanja wa ndege wa Wagalla, alikusanya majeruhi na maiti na kufikisha habari kwa walimwengu, jambo lililomgharimu ukaazi wake nchini. Aliendelea na kazi Somalia, na mwaka 2003 akapewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Oktoba 5 mwaka huohuo aliuawa kwa risasi katika hospitali yake, Borama.

Sista Leonella Sgorbati wa shirika la Consolata alifundisha wauguzi Nkubu, Meru, kabla ya kwenda Mogadishu kuanzisha chuo cha uuguzi katika hospitali ya watoto. Septemba 17, 2006 alipigwa risasi akitoka kazini. Aliyekuwa naye, mlinzi wake Mohamed Osman Mahamud, Mwislamu na baba wa watoto wanne, alijaribu kumkinga, naye akafa pale. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki lilimtangaza Leonella kuwa mwenye heri. Jina la Mohamed linastahili kutajwa kila linapotajwa la sista huyo.

Njaa iliyofungiwa mlango

Kismayu iliingia mikononi mwa Al-Shabaab na washirika wao mwaka 2008. Agosti 2010 kundi hilo liliyafukuza mashirika matatu, World Vision, ADRA na Diakonia, kwa madai kwamba yanaeneza Ukristo. Novemba 2011 likapiga marufuku mengine 16, yakiwamo ya Umoja wa Mataifa yasiyo na dini yoyote. Kati ya marufuku hizo mbili, Julai 2011, baa la njaa lilitangazwa rasmi kusini mwa Somalia. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa watu wapatao 258,000 walikufa, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Njaa hiyo ilikuwa na sababu nyingi: ukame, vita, bei ya nafaka, na sheria za Marekani za kupambana na ugaidi ambazo ziliwatia wafadhili hofu. Lakini tuhuma ya kubadili watu dini ilitumika kama kufuli. Kwa bahati mbaya, wapo watu wa makanisa waliosaidia kulitengeneza kufuli hilo. Kila kikundi kinachokusanya fedha nje kwa kuahidi kwamba mfuko wa unga utafuatwa na ubatizo wa Wasomali, humpa mwenye bunduki hoja. Anayelipa ni muuguzi mwenyeji, au Msomali anayeshukiwa tu kuwa amebadili dini, ambaye katika nchi hiyo hulipa kwa uhai wake. Mchangiaji wa mbali hapati hata mkwaruzo.

Mbajuni hana wa kumsemea

Katika haya yote Wabajuni wameachwa kando na kila upande. Vita vilipofika visiwani, walinyang'anywa mashua na nyavu, na wengi wakakimbilia Lamu na Mombasa kwa majahazi. Kambi ya Jomvu, karibu na Mombasa, iliwahifadhi kwa miaka kadhaa kabla ya kufungwa. Baadhi walirudishwa kwao, wakakuta wenye silaha wameshajikita katika visiwa vyao. Waliofika Uingereza kuomba hifadhi walipimwa lugha, ili ithibitike kama kweli ni wa Chula au ni wa Kiunga, upande wa Kenya.

Msaada unaopita Kismayu hupita mikononi mwa koo kubwa, na jamii ndogo hupata masazo. Mvuvi anahitaji jarife, barafu na mashine ya mashua. Mkewe anahitaji mkunga na zahanati isiyomlazimu kuvuka bahari usiku akiwa na uchungu.

Watu wa Gosha walipata mlango mwingine. Kuanzia mwaka 2003 Marekani iliwapokea Wabantu wa Somalia, kama wanavyoitwa siku hizi, wapatao 12,000 kutoka kambi za Kenya. Faili zao zilitayarishwa Nairobi na Church World Service, shirika la muungano wa makanisa. Walipofika, mashirika ya Kilutheri, ya Kikatoliki na mengineyo yaliwatafutia nyumba na kuwaandikisha watoto shuleni. Waislamu walipokelewa viwanja vya ndege na watu wa kanisa, bila kutakiwa kuimba wimbo wowote. Mlango huo nao ulifungwa Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wa wakimbizi. Maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo wakatangaza kusitisha ushirikiano wao na serikali katika kazi hiyo, kwani fedha zilikuwa zimekatwa.

Linalobaki kwetu

Uislamu na Ukristo vinakubaliana katika jambo moja kuhusu sadaka: mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Fundisho hilo lipo katika Injili na lipo katika Hadithi za Mtume. Ukipima misheni za Juba kwa kipimo hicho, zilizofaulu ni zile zilizofundisha na kutibu, kisha zikamwachia Mungu hesabu ya mengine.

Kwa hiyo makanisa yanayotaka kusaidia Kismayu na visiwa vyake yapeleke madaktari, wakunga na nyavu, na yaseme wazi mbele ya wafadhili wao kwamba hayauzi imani kwa unga. Serikali ya jimbo la Jubaland nayo iwalinde wanaokuja kwa uwazi huo, na ihakikishe kwamba fungu la Mbajuni linafika kisiwani badala ya kuishia kwa dalali mjini. Nasi Waislamu wa Lamu, Mombasa, Unguja na Muscat tuna zaka na wakfu, na Wabajuni ni ndugu zetu wa lugha na wa msikiti mmoja. Ni aibu kulalamika kwamba mgeni anawalisha kwa nia mbaya, wakati sisi hatujawapelekea hata kilo moja ya mchele.