‘Casablanca’: Miaka zaidi ya 80, watazamaji bado wanabishana

Na Mwandishi Wetu

FILAMU haina rangi, inachukua dakika 102 tu, na sehemu kubwa ya mambo yake hutokea ndani ya mgahawa mmoja. Hata hivyo, tangu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York Novemba 26, 1942, ‘Casablanca’ haijawahi kukosa watazamaji, wala watazamaji hao hawajawahi kukubaliana. Wengine huiita hadithi bora ya mapenzi kuwahi kutengenezwa Hollywood. Wengine huona mwanamke anayeamuliwa maisha yake na wanaume wawili, na mji wa Afrika usio na Waafrika.

Kwa msomaji anayeishi kwa kuvuka mipaka, filamu hii ina jambo jingine la kuivutia. Kisa chake chote kinazunguka karatasi: nani anayo, nani anaiuza, nani ana mhuri, na anayekosa pesa analipa kwa nini.

Kisa chenyewe

Ni Desemba 1941. Ufaransa imeshindwa na Ujerumani, na Moroko iko chini ya serikali ya Ufaransa iliyokaa Vichy. Wakimbizi wa Ulaya wanatoka Paris hadi Marseille, wanavuka bahari mpaka Oran, kisha wanaambaa pwani ya Afrika Kaskazini hadi Casablanca. Kutoka hapo wanatafuta ndege ya Lisbon, na kutoka Lisbon meli ya Marekani. Asiye na visa ya kutoka anabaki Casablanca akisubiri, na wengine wanasubiri mpaka mfuko unakauka.

Katika mji huo, Mmarekani Rick Blaine, anayeigizwa na Humphrey Bogart, anaendesha mgahawa wenye kamari nyuma ya mlango. Zamani aliwapelekea silaha Wahabeshi walipovamiwa na Italia mwaka 1935, na mwaka 1936 alipigana Hispania. Sasa anajifanya hana upande. Zinamwangukia mkononi hati mbili za kusafiria zilizoporwa kutoka kwa maofisa wa Kijerumani waliouawa. Mara anaingia Ilsa Lund, yaani Ingrid Bergman, mwanamke aliyempenda Paris kisha akamwacha kwenye stesheni ya treni. Safari hii amefuatana na mumewe, Victor Laszlo, kiongozi wa wapinzani wa Wanazi. Hati ni mbili, na watu ni watatu.

Ilsa aliulizwa?

Hapa ndipo ubishi mkubwa ulipo. Mwishoni, uwanja wa ndege ukiwa umefunikwa na ukungu, Rick anampandisha Ilsa ndege pamoja na mumewe, naye anabaki. Wanaomsifu wanasema huo ndio upendo: kumwachia mtu aende kwa sababu kuna jambo kubwa kuliko ninyi wawili. Wanakumbusha pia kwamba usiku uliotangulia Ilsa mwenyewe alimwambia Rick afikiri kwa niaba yao wote.

Upande wa pili haukubali. Wanasema mwanamke aliyechoka, mwenye hofu, aliyekwenda usiku na bastola kutafuta hati za kumwokoa mumewe, hawezi kusemwa ametoa ridhaa ya kila kitakachofuata. Rick alipanga, akatekeleza, akamtaarifu mlangoni pa ndege. Hata Laszlo alielezwa mambo nusunusu, ili asafiri na moyo mweupe.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulisahau. Kanuni za maadili zilizoitawala Hollywood wakati huo zisingekubali kwa urahisi mke wa mtu aondoke na mwanamume mwingine. Isitoshe, mchezo ulikuwa bado unaandikwa huku kamera zinazunguka, na Bergman alisimulia baadaye kwamba alipouliza anampenda nani kati ya wawili hao, aliambiwa aigize katikati. Labda ndiyo sababu uso wake unawasadikisha watazamaji wa pande zote mbili.

Karatasi ambayo haikuwepo

Wajuzi wa historia wana lawama yao. Wanasema hati za namna ile, zisizoweza kubatilishwa wala kuhojiwa, hazikuwahi kuwepo. Na hata zingekuwepo, kwa nini meja wa Kijerumani aziheshimu katika mji ambao mkuu wa polisi anamtii?

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini dhiki yenyewe haikubuniwa. Wakimbizi wa mwaka 1940 na 1941 walihitaji kibali cha kutoka Ufaransa, visa ya kupita Hispania, nyingine ya Ureno, na visa ya nchi waendayo. Moja ikipatikana, nyingine muda wake umekwisha. Waigizaji kadhaa wa filamu hii waliyajua hayo kwa miguu yao. Mfaransa Marcel Dalio, anayeigiza mchezesha kamari, na mkewe wa wakati huo Madeleine LeBeau, anayeigiza Yvonne, walikimbia Paris wakapitia Lisbon. Walikwama Mexico baada ya visa zao za Chile kugundulika kuwa za bandia. Conrad Veidt, anayemwigiza meja wa Kinazi, aliihama Ujerumani kwa sababu ya Wanazi hao hao.

Kwa hiyo katika tukio ambalo wateja wa Rick wanaimba wimbo wa taifa wa Ufaransa na kuuzima wa wanajeshi wa Kijerumani, baadhi ya machozi yanayoonekana hayakuhitaji maelekezo ya mwongozaji. LeBeau, ambaye uso wake unajaa kioo chote katika tukio hilo, alifariki mwaka 2016, wa mwisho kati ya waigizaji waliotajwa kwenye filamu.

Soko la Casablanca

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Filamu inaonyesha vizuri jinsi mji wa wakimbizi unavyogeuka soko. Mwanamke anauza almasi zake, anaambiwa almasi zimejaa sokoni, anakubali faranga 2,400. Ilsa anaonyeshwa kitambaa cha faranga 700. Muuzaji akisikia ni rafiki wa Rick, bei inashuka hadi 200, na kwa rafiki wa karibu, 100. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani atacheka hapo, kwa kuwa anaijua hesabu hiyo.

Kicheko kinakauka anapoingia Kapteni Renault, mkuu wa polisi, anayeigizwa na Claude Rains. Penye udhia penyeza rupia, lakini Renault hapokei rupia tu. Kwa wanawake wasio na pesa, anataka miili yao. Annina, bibi harusi kijana kutoka Bulgaria, anamfuata Rick kumuuliza kwa mafumbo kama mume anaweza kusamehe jambo kama hilo. Rick anamjibu kwa ukali, kisha anakwenda kwenye meza ya kamari na kumfanya mumewe ashinde mara mbili kwa namba 22, pesa ya visa itimie.

Hapa pia watazamaji wanagawanyika. Wapo wanaompenda Renault kwa ulimi wake mwepesi na kwa sababu mwishoni anageuka upande wa Rick. Wengine wanauliza: wale wanawake waliotangulia Annina walisaidiwa na nani? Swali hilo ni zito, na filamu hailijibu. Inatuchekesha na mtu ambaye, nje ya kioo, tungemwita mnyanyasaji mwenye mhuri.

Sam na wenye mji

Mpiga piano, Sam, anaigizwa na Dooley Wilson, Mmarekani mweusi ambaye kwa kweli alikuwa mpiga ngoma. Sauti ni yake, piano ilipigwa na mwingine. Wakosoaji wanaona anavyomwita Rick bosi, na Ilsa anavyomtaja kama kijana ilhali ni mtu mzima. Watetezi wanajibu kwamba kwa Hollywood ya 1942 alipewa utu usio wa kawaida. Ferrari, mfalme wa magendo, anapotaka kumnunua, Rick anakataa kufanya biashara ya binadamu, kisha anamwachia Sam mwenyewe ajibu kuhusu mshahara mara mbili. Sam anakataa.

Kuhusu Wamoroko, utetezi ni mgumu. Filamu ilitengenezwa California, na wenye mji ni wapita njia, wachuuzi na mlinzi wa mlango. Uhuru unaoimbwa ni wa Ufaransa, nchi ambayo wakati huo huo ilikuwa inaitawala Moroko. Mgahawa wa Rick uliopo Casablanca leo ulifunguliwa mwaka 2004 na mwanadiplomasia wa zamani wa Marekani, kwa ajili ya wageni waliofika wakiutafuta usioonekana.

Dawa au propaganda?

Majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua Afrika Kaskazini Novemba 8, 1942, siku 18 tu kabla ya onyesho la kwanza. Wengine husema filamu ilikuwa tangazo la vita, huku Rick akisimama badala ya Marekani iliyosita kisha ikaingia. Ujerumani Magharibi nayo ilithibitisha uzito wake kwa njia ya ajabu: mwaka 1952 ilionyesha nakala ambayo Wanazi wote walikatwa, na Laszlo akawa mwanasayansi wa atomu. Mwaka 1988 ilipotiwa rangi kwa ajili ya televisheni ya Marekani, wapenzi wake walikasirika kana kwamba kaburi limechezewa.

Mizani yetu ni hii: filamu ni tamu kwa wapenzi wake wawili, lakini inadumu kwa watu wa meza za nyuma. Rick akiuza mgahawa kwa Ferrari, anasisitiza Sam aendelee kupata asilimia 25 ya faida. Ferrari anajua ni asilimia 10, lakini anakubali kwamba Sam anastahili hiyo 25. Atakayeitazama mwisho wa wiki asiwakazie macho Bogart na Bergman peke yao. Amtazame pia Annina, na awahesabu walio nyuma yake kwenye foleni ya Renault.