Matuta ya Mchicha kwa Wasio na Makazi
Wanaolala kwenye baraza za maduka ya Tandika si wageni kwetu; baadhi yao tunaswali nao Alfajiri katika safu moja. Ijumaa huwapa sahani ya chakula, kisha tukaagana nao.

Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Wasio na kazi walikamatwa Dar es Salaam, wakapelekwa vijijini wakalime. Wengi walirejea. Ardhi haikuwa na kosa. Walipelekwa kwa nguvu.

Mtume (s.a.w.) aliwahifadhi msikitini Ahlu Suffa, waliokuwa hawana makazi. Na katika riwaya ya Abu Daud, Ansari aliyekuja kuomba alitiliwa mpini wa shoka kwa mkono wa Mtume mwenyewe, akaambiwa akatafute kuni, arejee baada ya siku 15. Alirejea na dirhamu 10. Tuizingatie miadi ile: palikuwa na wa kumpokea.

Sisi wa kamati tunapendekeza matuta ya mchicha nyuma ya msikiti, yanywe maji ya udhu yanayopotelea mtaroni (nayo ni tohara). Mchicha huvunwa kwa takriban wiki 4, na aliyekata tamaa huhitaji kuona kitu kikiota upesi. Mapato yawe yao. Mbegu ni rahisi kupatikana. Anayetakiwa ni mtu wa kushika jembe pamoja nao kila baada ya Alfajiri. Majina yataandikwa Ijumaa, baada ya swala.